Ubavu wa Kushoto

Fundi alikuwa ameshapigilia misumari saba upande wa vidole, na sasa alikuwa anavuta ngozi ya upande wa kisigino. Kiatu chenyewe kilikuwa bado hakijawa kiatu. Kilikuwa kalibu tu, yaani gogo lililochongwa kwa umbo la mguu, na juu yake ngozi nyeusi iliyolowekwa tangu jana mpaka ikawa laini kama shavu. Aliibana kalibu kati ya paja na mbavu zake za kushoto, chini ya titi, akaushika ukingo wa ngozi kwa koleo, akavuta. Akaona haijakaza. Akabana zaidi, akavuta tena.

Ndani ya kifua kitu kikakatika.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu amevunja njiti ya kiberiti chumba cha pili, ila chumba chenyewe kilikuwa ni yeye. Koleo likamponyoka, likaanguka kwenye sakafu ya saruji.

Upande wa pili wa karakana, cherehani ikanyamaza.

"Wifi," sauti ikaita.

"Abee."

"Koleo limeanguka."

"Limeteleza. Nina mafuta mikononi."

"Mafuta yametoka wapi? Hujala kitu tangu asubuhi."

Aliyesema hayo alikuwa dada wa mumewe. Mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, na hakuna aliyejua kipi kilitangulia kumpa jina. Kwa miaka ishirini na sita wanawake hao wawili walikuwa wameketi kwenye chumba hicho kimoja kinachotazama barabara, Sindano akishona ngozi za juu kwa cherehani, Fundi akizivuta juu ya kalibu na kuzitia soli, wakiitana wifi, wakitaniana kama wifi, na kugombana kama wifi pia siku zikiwa mbaya.

Karakana ilikuwa ya baba yake Sindano. Mzee huyo alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, akakimbilia malori. Na mtoto wa kike mmoja, akakubali cherehani lakini akakataa kalibu. Mke wa mwanawe ndiye aliyekaa kwenye kigoda na kujifunza. Mzee alimfundisha kama alivyofundishwa yeye: kalibu haibanwi kwa jiliwa la chuma wala haifungwi mezani, inategemezwa mbavuni, kwa sababu mkono huvuta lakini kifua ndicho husikia. Ngozi ikifika panapotakiwa, kalibu hutulia, na utulivu huo huingia mbavuni kabla jicho halijaona. Mzee mwenyewe alipovua shati palionekana kishimo kifuani, cha kutosha kutilia chumvi ya chakula kimoja. Alijivunia kishimo hicho kama askari anavyojivunia kovu. Sindano, tangu utotoni, alikuwa hapendi kukitazama.

Sasa Sindano alisimama, akaja, akaokota koleo. Hakumpa mwenzake. Alilishika mkononi, akamtazama usoni.

"Toa mkono hapo."

"Mkono gani?"

"Huo unaoshikilia ubavu kama mtu aliyeficha kuku wa wizi."

Fundi akatoa mkono. Kuvuta pumzi kulimuuma, kutoa kulimuuma, na jasho lilikuwa limeshamtoka juu ya mdomo.

"Tangu lini?" Sindano akauliza.

"Sasa hivi."

"Wifi, mimi nakuona unavyoshuka ngazi. Tangu lini?"

Fundi akatazama barabarani, ambako watu walikuwa wanapita na shughuli zao. "Siku kumi na moja," akasema.

Siku kumi na moja alizihesabu kweli, kwa sababu alikuwa anajua maana yake. Miaka miwili nyuma walimkuta na saratani ya titi la kushoto. Walimpasua, wakatoa uvimbe na tezi za kwapani, kisha wakampeleka mji wa mbali kwenye mashine ya mionzi ya protoni. Alilala chini ya mashine hiyo wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa, mkono wa kushoto umeinuliwa juu ya kichwa. Daktari wa huko alimweleza kwamba mionzi ya kawaida hupenya mwili mpaka upande wa pili, lakini hii huingia kwa kina kilichopimwa na kusimama hapo, ili isiufikie moyo.

"Kwa hiyo ina breki," Sindano alisema, maana ndiye aliyemsindikiza.

"Unaweza kusema hivyo," daktari akacheka.

"Basi ni bora kuliko lori la kaka yangu."

Wiki mbili za kwanza hapakuwa na kitu, mpaka Fundi akadhani mashine haifanyi kazi. Wiki ya tatu ngozi ikawa nyekundu. Ya nne ikawa nyeusi kama chini ya sufuria, na ya tano ikaanza kumenyuka chini ya titi na kwapani, pakawa pabichi, nguo ikigusa anaruka. Kumeza kulimkwaruza koo kama amemeza msasa. Uchovu nao haukuwa ule wa kazi ambao mtu akilala unakwisha. Huu alilala nao na kuamka nao. Yote hayo walikuwa wamemwambia yatakuja, yakaja, na mengi yakapita. Mkono ulibaki umevimba kidogo, na ngozi ya pale ikabaki nyembamba, yenye hasira.

Ndipo, miezi minne baada ya kurudi, aliporudi kwenye kigoda chake na kugundua kwamba hawezi kuiweka kalibu mbavuni hata kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu. Alivumilia siku mbili. Siku ya tatu Sindano alimwekea mapajani kitu alichoshona kimyakimya: mto wa ngozi laini ya bitana, tabaka mbili, katikati sponji ya kiti cha zamani, na mikanda miwili ya kufungia mgongoni. Ulikaa chini ya titi kama umezaliwa hapo. Waliuita ngao.

"Sasa umekuwa kipa," Sindano alisema. "Tunangoja timu tu."

Fundi aliivaa ngao hiyo mwaka na zaidi. Haikuuma. Alibana, akavuta, na viatu vikatoka kama zamani.

Lakini daktari wa hospitali ya mjini kwao, aliyekuwa anamfuatilia, alikuwa amemwambia neno moja ambalo hakulisahau: akipata maumivu mapya ya mfupa, yanayokaa wala hayaondoki, aje bila kuchelewa, kwa sababu ugonjwa ule ukirudi hupenda mifupa. Maumivu yalipoanza, usiku wa kwanza Fundi alijilaza chali akauambia ubavu wake uache. Siku ya pili akasema ni misuli. Kuanzia siku ya tatu hakujidanganya tena. Alianza tu kufanya kazi haraka, akichukua kalibu moja baada ya nyingine, amalize viatu vya watu kabla hajaambiwa.

"Mficha maradhi," Sindano akaanza.

"Usiniambie methali, wifi."

"Sikuambii. Unaijua mwenyewe inavyoisha." Sindano akaweka koleo juu ya meza. "Vaa viatu. Tunakwenda."

"Na kiatu cha Mwalimu? Ngozi itakaukia kwenye kalibu."

"Ikauke."

Hospitalini walimpiga picha ya kifua siku hiyo, wakatoa damu, wakaandikiwa picha nyingine ya mifupa yote. Majibu yalichukua siku nane. Fundi hakuwahi kujua kwamba siku nane zinaweza kuwa na mchana mrefu kiasi hicho. Alikuwa anakuja karakana kwa sababu nyumbani kulikuwa na kitanda tu, akiketi kwenye kigoda mikono imelala mapajani, akitazama rafu ya kalibu. Zilikuwa zaidi ya mia mbili, kila jozi na jina la mteja kwa penseli. Alijikuta anapanga nani atapewa habari kwanza. Mumewe alipiga simu kila aliposimamisha lori, akiuliza, "Bado?" Akijibiwa bado, nyuma yake zilisikika honi.

Siku ya tisa waliitwa. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni. Hakuzungusha maneno.

"Saratani haijarudi," alisema. "Nimeangalia mifupa yote, nimeangalia damu. Haijarudi."

Sindano akafunika uso kwa viganja. Fundi aliendelea kumtazama daktari, kwa sababu daktari alikuwa bado hajamaliza.

"Una mbavu mbili zimevunjika. Huu," akaonyesha kwenye picha, "una ufa wa wiki kadhaa, umeanza kujiunga. Huu wa chini yake ni wa juzijuzi. Umeanguka?"

"Hapana."

"Umegongwa? Mtu amekupiga?"

"Atanipiga nani? Mume wangu yuko njiani, na huyu hapa anatumia mdomo tu."

Daktari hakucheka. Alifungua faili. "Hapa imeandikwa kazi yako ni ya kukaa. Nesi alikuuliza kama unafanya kazi nzito, ukajibu hapana."

"Ni ya kukaa kweli. Nashona viatu. Hata ndoo ya maji sibebi, ananibebea wifi."

"Nionyeshe unavyokaa."

Fundi akamgeukia Sindano, akamwomba kiatu chake. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, akakigeuza kiatu juu chini, akakibana kati ya paja na mbavu, na mkono wa kulia ukashika koleo lisilokuwepo na kuvuta. Alifanya polepole, bila nguvu, akionyesha tu. Daktari alikuwa ameshanyanyuka kitini.

"Acha. Acha hapo hapo." Akakiondoa kiatu mikononi mwake kwa upole. "Mara ngapi kwa siku?"

"Kuvuta? Kiatu kimoja huwa kama mara sitini. Inategemea mguu."

Daktari akakaa tena, safari hii kwenye kiti cha wagonjwa, karibu nao. Aliwaeleza kwamba mionzi ile ilichaguliwa kwa sababu inasimama, na moyo wake uko salama kwa hilo. Ila pale inaposimama ndipo inapoacha nguvu yake nyingi, na nyuma ya titi lake mahali pa kusimama palikuwa ni mbavu. Mfupa uliopigwa hivyo hubaki mkavu. Unaweza kukaa maisha yote bila tatizo, mtu asipousukuma.

"Gari likifunga breki pale pale kila siku," Sindano akasema taratibu, "lami inachimbika."

"Ndiyo." Daktari akamgeukia Fundi. "Ninachoshangaa ni kimoja. Ngozi yako ya pale bado ni nyepesi. Ulikuwa huumii ukibana?"

"Nilikuwa na ngao," Fundi akasema, na alipolisema tu akatamani alirudishe.

"Ngao gani?"

Sindano, ambaye hakuwahi kukosa neno hata msibani, alikuwa anatazama mikono yake.

"Mto," Fundi akasema mwishowe. "Mto wa ngozi. Kuzuia mwasho."

Daktari akaelewa, na akachagua maneno. Alisema maumivu ya ngozi yangemfanya abane kidogo, au aache. Mto uliyanyamazisha, lakini uzito wote ulifika mfupani kama kawaida. "Si kosa la mtu," akaongeza. "Mngeniuliza ningewaambia. Na mimi ningeuliza vizuri zaidi kazi ya kukaa ni ya kukaa vipi."

"Zitapona?"

"Wiki nane, labda kumi na mbili. Zitaunga."

"Halafu?"

"Halafu usitegemeze kitu hapo tena."

"Mpaka lini?"

Daktari akaivua miwani, ikarudi kifuani. "Hakuna mpaka lini, mama."

Fundi akafikiria upande wa kulia. Lakini akitegemeza kulia, mkono wa kuvuta utakuwa wa kushoto, na huo tangu watoe tezi ulikuwa ukishika koleo dakika tano unavimba kama mkate. Hakuuliza.

Habari ilifika mtaani kabla yao. Mwenye duka la vioo jirani alitoka nje akampa mkono wa hongera. Mama wa saluni alimkumbatia, taratibu, upande wa kulia. Mumewe alilia kwenye simu, akasema amesimamisha lori pembeni kwa sababu haoni barabara. "Mbavu tu!" alikuwa akisema. "Mke wangu, kumbe ni mbavu tu!" Na Fundi alijibu ndiyo, ndiyo, tunashukuru, na alishukuru kweli. Mtu aliyeogopa kaburi siku kumi na tisa hawezi kulia kwa sababu ya kigoda. Angeanzia wapi? Kila aliyekutana naye alikuwa anatabasamu, naye akalazimika kutabasamu kama wao. Wiki nzima ikapita akiambiwa hongera, bila hata mtu mmoja kumwambia pole.

Kulikuwa na mguu wa chuma wa kutengenezea soli, na alijaribu kumwelekeza Sindano aifunge kalibu hapo kwa kamba na kuvuta. Kiatu cha mtu wa kawaida kilitoka salama. Lakini Mwalimu, yule mstaafu ambaye ngozi yake iliachwa ikakauka siku ile, mguu wake wa kulia ulipinda tangu utotoni, na ngozi ikilegea pale panapopinda, ikilegea hata unene wa uzi, anapata kidonda. Walimjaribishia. Alitembea mpaka mlangoni na kurudi, mtu mwenye adabu, akasema, "Si vibaya." Alipovua soksi kulikuwa na alama nyekundu tayari. Hakulalamika. Alisema atangoja, akaondoka na viatu vyake vya zamani vilivyotoboka.

Mchana huo Sindano aliichukua ngao ilipokuwa imetundikwa, akaketi kwenye cherehani yake bila kuikanyaga, akaanza kuifumua. Alikata uzi mmoja mmoja kwa wembe. Fundi alimwacha. Sponji ilipotoka ilikuwa imebonyea katikati, umbo la kisigino cha kalibu.

"Nilipima vizuri," Sindano akasema, kama anayejisemea. "Nilikupima umelala, usijue. Nilisema ikae sawasawa, isimguse popote."

"Ilikaa sawasawa."

"Ningeshona vibaya ungeacha kazi mapema, wifi. Ungekuwa na mbavu."

"Ningeacha kazi mapema ningekuwa na mbavu za nini?"

Hawakucheka, ingawa siku nyingine wangecheka. Sindano aliweka wembe chini. Akaja mpaka kwenye kigoda, akachuchumaa mbele yake, magoti yakalia, akaweka kiganja juu ya goti la mwenzake.

"Pole, wifi," akasema. "Pole kwa kazi yako."

Fundi alifungua mdomo kujibu asante, ikatoka sauti nyingine. Kulia kulimuuma mbavuni, na maumivu yakamliza zaidi. Sindano hakumwambia nyamaza. Alikaa hivyo hivyo chini mpaka ikaisha, kisha akajikokota kusimama, akajifuta pua kwa ukingo wa kanga.

"Haya, sogea," akasema.

"Nisogee wapi?"

"Ukae kwenye kiti changu. Nipe kigoda."

Fundi akamtazama. "Wewe na kalibu mbavuni?"

"Sogea kabla sijabadili mawazo."

Kulikuwa na ngozi nyingine ya Mwalimu iliyokwisha kushonwa na kulowekwa. Wakaivisha kalibu. Sindano akaketi kwenye kigoda cha baba yake, akaibana kati ya paja na mbavu zake nyembamba, kwa namna ya mtu anayebeba mtoto asiyemjua. Akavuta. Akapiga msumari. Akavuta tena.

"Kaza," Fundi akasema.

"Nimekaza."

"Hujakaza."

"Nitajuaje kama nimekaza?"

Fundi akataka kumwambia. Jibu lilikuwa karibu kabisa, lilikuwa pale chini ya titi, miaka ishirini na sita ya jibu, lakini alipolitafuta kwa maneno hakuliona. Alisema, "Inatulia." Sindano akauliza inatuliaje. Alisema, "Inakuwa kama... inaacha kukubishia." Sindano akavuta, akasema bado inabisha. Bila kufikiri Fundi akanyoosha mkono achukue kalibu amwonyeshe, ubavu ukamkumbusha, akaurudisha mkono mapajani. Akalitazama koleo katika mikono ya mwingine. Akajaribu tena.

"Toa pumzi. Ukishaitoa, kabla hujavuta nyingine, vuta ngozi hapo katikati."

"Hayo umeyatoa wapi? Hujawahi kuyasema."

"Sikujua kama nafanya hivyo."

Waliendelea mpaka jua likahama kutoka mlangoni. Sindano alipiga misumari tisa, akasimama kujinyoosha, akafungua kifungo cha juu na kuchungulia kifuani mwake.

"Pamekuwa pekundu," akasema. "Panauma hivi kila siku?"

"Mwaka wa kwanza."

"Halafu?"

"Halafu unasahau kwamba panauma."

Sindano akafunga kifungo. Fundi akachukua kiatu, akakizungusha kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba pale mguu wa Mwalimu unapopinda. Ngozi ikanyanyuka chini ya kidole, kidogo tu.

"Ng'oa," akasema.

"Yote?"

"Yote, wifi. Tunaanza vidoleni upya."

Sindano akalaani kwa sauti ya chini, akaushika msumari wa kwanza kwa koleo, ukatoka. Wa pili ukatoka. Wa tatu ukagoma, koleo likamteleza mara mbili.

"Uache huo," Fundi akasema. "Lowesha kitambaa, ukifunike kiatu kisikauke. Kesho uje mapema, kabla ya wateja."

"Saa ngapi?"

"Saa moja. Na uje umekula."